Geti la mjomba na trela lake: shajara ya waya na lupu

Mwaka jana, siku za kusi, mjomba wangu wa Raskazone hapa Tanga alibaniwa boti na geti lake mwenyewe. Lilikuwa geti la kuteleza, la mota, lenye macho mawili ya mwanga kwenye nguzo, sentimita 60 kutoka chini. Hilux ikapita, likafuata trela, na kati ya hivyo viwili pana mkono wa chuma tu, mita moja na nusu hivi, ulio chini ya usawa wa macho. Macho yakaona njia nyeupe. Geti likahesabu sekunde zake, likaja, likaibana pua ya boti ya faiba kwenye nguzo mpaka ikalia kama dafu linalopasuliwa.

Mota ile ilikuwa imeshaliwa na chumvi ya bahari, kwa hiyo tumeamua kuanza upya: mota mpya, waya mpya, na lupu, yaani waya uliozungushwa, chini ya njia ili geti lilijue gari kwa chuma chake. Kazi nimepewa mimi. Fundi umeme wa ukoo ndiye mimi. Leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, ninayo, malipo ndiyo sina.

Jumamosi, Februari 8

Mtaro. Mita 26 kutoka mein swichi mpaka nguzo ya geti, kina sentimita 50. Anayeijua Raskazone ameshacheka: udongo ni shubiri moja, chini yake jiwe la matumbawe. Vijana wawili wa sururu walianza saa moja asubuhi kwa nyimbo. Saa tano nyimbo zikaisha.

Nimetaka mtaro uwe mpana, mabomba mawili yapite yakiwa yameachana sentimita 30. Moja la umeme wa 230, jingine la waya za volti ndogo: macho, kengele na lupu. Mjomba akasimama juu ya udongo, mikono nyuma.

"Mpwa, geti moja, mabomba mawili?"

Nikamweleza kwamba lupu kazi yake ni kusikiliza mabadiliko madogo sana, na ukiilaza pamoja na kebo ya umeme mkubwa ni sawa na kumweka mtu asikilize redio yenye sauti ya chini kando ya mashine ya kusaga. Akaguna, akaenda kuleta maji ya vijana. Kwa mjomba huko ndiko kukubali.

Jumapili, Februari 9

Mita 9 zilizobaki. Tumekutana na bomba la maji ambalo hakuna aliyejua lipo. Halikutoboka, alhamdulillahi. Mabomba yote nimeyaachia kamba ya kuvutia ndani, na moja ya ziada, maana hakuna geti linalobaki na waya zile zile miaka mitano.

Jumamosi, Februari 15

Kebo ya kori tatu, milimita za mraba 2.5, ile yenye nyuzi za chuma chini ya ganda. Nimeivuta ndani ya bomba lake lililolala juu ya mchanga, mchanga tena juu, kisha utepe wa njano wa kuonya wachimbaji wa kesho, ndipo udongo.

Shemeji yangu mmoja, mjuaji, alipendekeza transfoma ikae ndani ya nyumba ili getini ziende volti 24 tu, "salama kwa watoto". Wazo si baya, ila hesabu inalikataa. Waya wa 2.5 hupoteza kama milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita. Mota ya volti 24 ikianza kulisukuma geti hula ampea 10 bila haya. Zidisha kwa mita 26: volti 4 na nusu na ushee zimebaki njiani. Zimeondoka nyumbani 24, zimefika 19, na mota itakuwa inanyanyuka kama mgonjwa. Kwa 230 mzigo ule ule unavuta ampea moja na nusu hivi, na kinachopotea hakifiki volti moja. Kwa hiyo umeme mkubwa unafika getini, transfoma iko ndani ya mota yenyewe, na watoto wanalindwa na breka ya kuvuja ya miliampea 30 kule ndani, pamoja na fimbo ya ethi. Fimbo haikuingia kwenye matumbawe hata kwa nyundo kubwa. Nimehamia karibu na shimo la maji ya bafuni, penye unyevu mwaka mzima, ikazama.

Mota imekaa juu ya zege, betri mbili za volti 12 zimeungwa mfululizo. Geti linafunguka na kufunga kwa rimoti. Wapangaji wa jirani walipiga makofi, nami nikanyamaza, nikijua kazi ngumu haijaanza.

Jumamosi, Februari 22

Siku ya lupu.

Lupu ni waya uliozungushwa chini ya njia, basi. Kitambuzi, kile kisanduku cha elektroniki kinachoungwa na lupu, kinapitisha humo mkondo mdogo unaopiga kwa masafa ya makumi ya kilohezi. Gari likija juu, chuma chake huzalisha mikondo ya kuzunguka inayopingana na ile ya lupu. Indaktansi, yaani ukaidi wa lupu kwa mkondo unaobadilika, inashuka, masafa yanapanda kidogo, kitambuzi kinasema "lipo". Uzito hauna habari. Wengi hudhani ni mizani. Ng'ombe wa tani nzima akisimama pale, lupu haimjui.

Njia ya mjomba ni ya pevingi. Ingekuwa zege ningekata mfereji kwa grainda, milimita 5 upana, sentimita 4 kina, na pembeni nikate mshazari ili kona kali isije ikachuna ganda la waya. Kwenye pevingi huwezi, maana bloki hucheza gari likipita, na waya ukicheza nao lupu inaona gari ambalo halipo. Nikatengeneza fremu ya bomba la PVC la milimita 20, mita 2.4 kwa mita 1. Bomba nimelichana upande mmoja kwa grainda, nikazungusha waya wa 1.5 mara nne humo ndani, kila sentimita 20 nikabandika silikoni usitikisike, kisha nikafunga kwa tepu. Kwa fremu ya mzunguko wa karibu mita 7, mizunguko mitatu ingetosha. Nimeongeza wa nne kwa sababu mbele ya geti pana kimfereji cha maji chenye grili ya chuma, na chuma kilichotulia karibu hupunguza nguvu ya lupu.

Sharti ambalo silivunji: waya mmoja, hauna kiungo, kuanzia kwenye kitambuzi, kuzunguka mara nne, mpaka kurudi kwenye kitambuzi. Kiungo chini ya ardhi ni deni. Mita 43 zimekwenda.

Zile ncha mbili zinazotoka kwenye fremu hadi kwenye boksi lazima zisokotwe, angalau misokoto 20 kwa mita, la sivyo nazo zinageuka kuwa lupu na kuanza kuona kila kinachopita kando ya nguzo. Mita 7, misokoto 140. Nilifunga ncha kwenye drili, mjukuu wa mjomba akashika upande wa pili, nikabonyeza polepole huku yeye akihesabu. Alipofika 60 akachanganyikiwa, akarudi 40, tukaanza upya. Ukisokota kwa mkono utalala na vidole vya mshona mikeka.

Kipimo: om 0.5 na kitu, sawasawa na urefu wa waya. Mega ya volti 500, kile kipimo cha uzima wa ganda la waya, kati ya waya na ardhi ikagonga mwisho. Pevingi zimerudi, mwashi kazipiga nyundo ya mpira, machweo yakatukuta tunafagia mchanga kwenye nyufa.

Jumapili, Februari 23

Geti linajiona lenyewe.

Sina namna nyingine ya kulieleza. Nimewasha kitambuzi, Hilux ikasogea juu ya lupu, taa nyekundu ikawaka. Ikaondoka, taa ikazima. Nikafurahi. Nikabonyeza rimoti geti lifunge. Likaja mpaka katikati, taa ikawaka, geti likashtuka na kurudi nyuma. Likasubiri. Likaja tena, likashtuka tena. Mara sita. Mke wa mjomba alikuwa kibarazani anachambua mchele. Akaniuliza kama geti lina mashetani au ni mimi niliyekosea.

Ni mimi. Ukingo wa lupu nimeuweka sentimita 50 kutoka kwenye reli, kwa kuwa mwashi alishapanga pevingi za duara nzuri na sikutaka kuziharibu. Geti ni kilo mia tatu na zaidi za chuma kinachotembea. Likipita sentimita 50 kutoka kwenye lupu, kwa nini lisionekane? Vitabu vya vitambuzi vinasema mita moja. Ninavyo, nimevisoma, na maua ya pevingi yakanishinda nguvu.

Nimejaribu kupunguza wepesi wa kitambuzi kuhisi chuma, kutoka juu mpaka chini kabisa. Chini kabisa geti halijioni, lakini na gari dogo la mke wa mjomba nalo halionekani mpaka lifike katikati. Hakuna njia ya mkato. Lupu ihame.

Jumamosi, Machi 1

Watu wanavunja jungu, mimi navunja pevingi. Fremu imehama, sasa ukingo wake uko mita 1.1 kutoka kwenye reli. Uzuri wa kuwa ndani ya bomba ni huo: imeng'oka nzima, haikukwaruzika. Waya wa ziada nilioacha kwenye boksi umetosha kwa kubahatisha.

Geti halijioni tena, hata wepesi ukiwa wa kati.

Grili ya kimfereji ilikuwa imelegea pembe moja, na kila aliyeikanyaga aliitikisa, taa ya kitambuzi ikapepesa. Chuma kilichotulia hakina neno. Kinachotikisika kinahesabiwa ni gari. Tumeikaza kwa skrubu nne.

Jioni tukajaribu trela tupu, boti ikiwa bado kwa fundi wa faiba. Hilux ikatoka, mkono wa trela ukawa juu ya lupu, taa ikazima kwa sekunde moja, kisha trela likafika ikawaka tena. Sekunde moja. Mjomba akasema si neno. Nikamwambia mwaka jana geti lilihitaji sekunde ngapi? Nikapandisha wepesi mpaka mkono ukaonekana, na hapo hapo geti likaanza kujiona. Hii ndiyo vuta nikuvute ya kazi hii: ukitaka lione chuma chembamba, litaona na chuma chake.

Jambo jingine la leo. Umeme ulikatika saa kumi, ukarudi wakati Hilux imeegeshwa juu ya lupu. Kitambuzi kikiwashwa hujipima upya na kuchukua kilichopo kuwa ndiyo hali ya kawaida. Kilijifunza kwamba Hilux ni sehemu ya ardhi, na kwa muda ule geti lingeweza kuifungia gari iliyosimama pale pale. Kosa langu tena: nilikipa kitambuzi umeme wa 230 peke yake. Nimekibadilisha kwa cha volti 24, kinachokula kutoka kwenye betri za mota, ili kisizimike ovyo.

Jumamosi, Machi 8

Tumefunga Ramadhani. Kazi inaanza baada ya alfajiri na kuisha kabla jua halijachoma.

Wiki nzima nimechora geti na trela kwenye daftari. Jawabu liko kwenye vipimo. Lupu moja ya ndani hupoteza gari wakati mkono wa trela uko juu yake. Lakini nikiweka ya pili nje ya geti, nayo mita 1.1 kutoka kwenye reli, basi kati ya lupu na lupu pana mita 2.2, na pengo la mkono ni mita 1.5. Pengo haliwezi kuwa juu ya zote mbili kwa wakati mmoja. Mkono ukiwa juu ya lupu ya ndani, Hilux iko juu ya ile ya nje. Mkono ukifika nje, trela limekalia ya ndani. Wepesi unabaki wa kati, na geti halijioni. Tungefanya hivi tangu mwanzo isipokuwa tulikuwa tunabana matumizi, na bahati nzuri geti limeingia ndani ya kiwanja, lupu ya nje haigusi barabara ya watu.

Fremu ya pili imechukua nusu siku, mkono umeshazoea. Relei, yaani swichi za ndani, za vitambuzi vyote viwili nimeziunga mfululizo na macho ya mwanga, zote za aina inayoshikwa na umeme wakati hakuna gari, na kuachia gari likija au umeme ukikatika. Maana yake waya ukikatika popote, au kitambuzi kikifa, geti linakataa kufunga. Mjomba atalalamika geti liko wazi, heri hivyo.

Kisha relei zikaanza kugongana zenyewe kwa zenyewe. Tak, tak-tak, kimya, tak. Hakuna gari, hakuna grili inayotikisika, geti limetulia. Nilikaa juu ya ndoo nikisikiliza kwa karibu robo saa kabla akili haijarudi. Vitambuzi viwili vya aina moja, vimetoka dukani vikiwa kwenye masafa yale yale, lupu zake zina vipimo vile vile na zimetazamana: kila kimoja kinamsikia mwenzake anadhani ni gari. Ndani kuna viswichi vidogo vya kuchagua masafa. Kimoja nimekiacha juu, kingine nimekishusha chini kabisa, nikavizima na kuviwasha. Kimya. Hapo hapo, kwenye vitambuzi vyote viwili, nimebadilisha kile kiswichi cha muda, kisisahau gari baada ya dakika chache bali kilishikilie mpaka liondoke.

Jumatano, Machi 12

Nimeitwa saa mbili usiku, baada ya futari. Geti limekufa. Nimefungua boksi: mjusi, mkavu kama dagaa, kajilaza kati ya temino mbili. Fyuzi imekatika. Matundu yote ya chini ya boksi nimeyaziba kwa silikoni, na temino nimezipaka vaselini, maana kwa wiki tatu tu shaba imeshaanza kuota kijani.

Wakati nipo pale kijana wa bodaboda alileta barafu. Alisimama katikati kabisa ya lupu ya nje, taa haikuwaka. Nikamwomba asogee mpaka magurudumu yakae juu ya mstari wa waya, ikawaka. Pikipiki ni chuma kidogo, na katikati ya lupu ndipo panapoona hafifu. Kwa hiyo macho ya mwanga hayaondoki pale nguzoni, bali nimeyashusha mpaka sentimita 45, kwa ajili ya bodaboda, na zaidi kwa ajili ya mjukuu na mbuzi wa jirani. Mwenye kung'oa macho ya mwanga kwa sababu ana lupu, simwamini na geti lenye watoto.

Jumamosi, Machi 15

Mvua ya kwanza ya masika, usiku kucha. Asubuhi nimechomoa waya za lupu kwenye vitambuzi (ukiisahau hatua hii mega itaviunguza) na kupima. Ya ndani ipo juu ya megaom 200. Ya nje, 1.2. Nimeufuata waya kwa mkono mpaka unapoingia kwenye boksi la nguzo: tundu la bati halikuwa na mpira, ukingo umechuna ganda, na maji yalijaa hapo. Si chini ya ardhi, namshukuru Mungu. Nimekata kipande kilichochunika, ziada ilikuwepo, nimevisha tundu mpira. Ikapanda.

Jumamosi, Machi 22

Boti imerudi kutoka kwa fundi. Saa kumi jioni, familia nzima kibarazani, futari iko jikoni inanukia mpaka getini.

Kutoka kulikwenda kama daftari lilivyosema. Nilisimama boksi likiwa wazi, macho kwenye taa mbili. Ya ndani ikawaka, kisha zote mbili. Ya ndani ikazima, mkono huo, ya nje inawaka. Ya ndani ikawaka tena, trela. Ya nje ikazima, ya ndani ipo. Zote. Ya nje peke yake. Giza. Geti likahesabu sekunde zake, likafunga taratibu nyuma ya boti.

Kisha mjomba akataka kuirudisha ndani kinyumenyume. Mjomba ana miaka 71, na trela la kurudi nyuma hugeuka upande usiouambia. Aliingia akakwama mshazari katikati ya geti, akatoka, akaingia, akashuka kutazama, akapanda. Pua ya boti, ile ile iliyozibwa, ilikuwa shubiri mbili kutoka kwenye nguzo ile ile. Nilitazama saa: dakika 11, na kwa dakika zote hizo taa moja au nyingine ilikuwa inawaka, geti limesimama wazi.

Alipoliingiza hatimaye, alizima injini, akalitazama geti linavyofunga, akajifuta jasho.

"Lina adabu," akasema. "Mke wangu angeshapiga kelele."